Upasuaji wa Kunyoosha Miguu ya Watoto Wenye Mifupa Inayovunjika Ovyo

Mzazi wa Bukavu ambaye mtoto wake amevunjika paja mara ya pili au ya tatu, pasipo kuanguka kwa kishindo, huweza kuambiwa na majirani kuwa amerogwa, au kushukiwa hospitalini kuwa anampiga mtoto, na shutuma zote mbili humuumiza bure. Upo ugonjwa wa kuzaliwa nao, uitwao kitaalamu osteogenesis imperfecta, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000, ambao mara nyingi hutokana na hitilafu katika jeni za kolajeni, protini inayoipa mifupa uimara. Kwa wengi wao sehemu nyeupe ya jicho huwa na rangi ya buluu, dalili ambayo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuiona bila kifaa chochote.

Mfupa wa mtoto huyu huunga, lakini huunga ukiwa umepinda, na pale ulipopinda ndipo unapovunjika tena. Kwa sababu hiyo, paja au muundi uliopinda sana na kuvunjika mara kwa mara unahitaji kupasuliwa, hasa mtoto anapoanza kujaribu kusimama. Njia iliyoelezwa na Sofield na Millar wa Marekani mwaka 1959 ingali msingi wa kazi yetu sisi wapasuaji wa mifupa: mfupa hukatwa mahali kadhaa, kisha vipande hupangwa juu ya ufito wa chuma kama shanga katika uzi. Baadaye zilibuniwa fito zinazorefuka kadiri mtoto anavyokua. Zisipopatikana, ufito wa kawaida hufaa, ingawa utabidi kubadilishwa. Bamba la skurubu tunaliepuka, kwa kuwa mfupa dhaifu huvunjika pale linapoishia.

Kabla ya kisu, daktari ahakikishe kwamba si matege ya upungufu wa vitamini D, ambayo tiba yake ni nyingine. Dawa za kuimarisha mifupa, kama pamidronati inayopitishwa mshipani, huenda sambamba na upasuaji wala haziuondolei umuhimu. Nawasihi wazazi wasimpeleke mtoto kukandwa miguu, maana mikono yenye nguvu huvunja hata mfupa ambao ulikuwa mzima.

Plasta isikae muda mrefu, kwani mguu usiotumika huzidi kudhoofika. Mazoezi ya kusimama yaanze mara mfupa unapoanza kuunga. Mtoto apigwe picha ya eksirei mara kwa mara hadi amalize kukua, kwa sababu mfupa ukirefuka kupita ncha ya ufito, sehemu iliyobaki bila chuma huanza kupinda, na hapo ufito hubadilishwa kabla mfupa haujavunjika.