Je, wajua kwa nini mjusi wa mawe ya Mwanza ana kichwa chekundu na mwili wa bluu?

Kama unakaa Mwanza huyu unamjua tu, hata kama hujawahi kumwangalia vizuri. Yuko juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kuanzia kichwani mpaka mabegani ni mwekundu wa kuelekea pinki, halafu huku nyuma mpaka mkiani bluu imekolea, na ukimkaribia anaanza kupiga pushapu. Watoto wanamlenga na manati, wakubwa wanampita. Kumbe jina la jiji letu limo ndani ya jina lake, kitaalamu anaitwa Agama mwanzae, alipewa na Arthur Loveridge, mtaalamu wa mijusi na nyoka, mwaka 1923, na dunia nzima anapatikana ukanda wetu huu tu, Tanzania, Kenya na Rwanda.

Sasa rangi zote zile za nini? Kwanza wenye rangi ni madume, tena sio madume yote. Mijusi hawa wanaishi kwa kundi kwenye rundo moja la mawe, dume mmoja mkubwa ndiye mwenye eneo, ana majike kadhaa, na humo humo wanakuwepo madume wadogo waliobaki na rangi ya kahawia ileile ya majike, kwa sababu dume mdogo akijitia kung'aa anatafuta ugomvi na mwenye eneo. Kwahiyo ukiona mmoja anawaka pale juu kabisa ya jiwe jua ndio mwenye mji, na ile pushapu anawaambia wenzake waliopo mawe ya jirani kwamba hapa pana mtu.

Ila kinachonishangaza mimi zaidi ni ile bluu. Wekundu ni rangi kweli, ipo kwenye seli za juu za ngozi. Bluu haipo! Yaani ungesaga ngozi yake usingepata unga wa bluu. Chini ya zile seli za juu kuna seli zenye vifuwele vidogo mno, yaani chembe ngumu zinazorudisha mwanga, na chini yake tena kuna seli nyeusi, jua likipiga vile vifuwele vinarudisha mwanga wa bluu na mwanga mwingine unamezwa na ule weusi, ni kama petroli ikimwagika kwenye dimbwi la maji unaona rangi kibao wakati petroli yenyewe haina hizo rangi.

Na ndio maana anaweza kuzima. Weusi ule ndani ya seli unaweza kusambaa au kujikusanya, inategemea joto la mwili, homoni na hali aliyonayo. Mwangalie asubuhi na mapema jua halijatoka vizuri, amefifia, amejilaza bapa juu ya jiwe anaota jua, subiri ifike saa tatu au saa nne, jiwe limeshika moto, utamkuta amekolea. Kwa jamii ya mijusi hawa dume akipigwa na mwenzake au akiogopa sana rangi inashuka haraka, na usiku pia zinapoa.

Kung'aa hivyo ni hatari lakini, mwewe anamuona toka mbali. Hapo ndipo mawe yetu yanapomsaidia, granaiti hii ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, imepasuka pasuka kila mahali, na mjusi huyu ana kichwa bapa kinachopita kwenye ufa mwembamba, ndio maana hata akiota jua hakai mbali na ufa wake.

Halafu jamani hana sumu. Kazi yake ni kula sisimizi, mchwa na wadudu wengine wanaozunguka nyumba zetu, kumuua kwa manati ni hasara tupu.

Ukitaka kumuona vizuri huna haja ya kwenda mbali, milima ya mawe ya Isamilo au Capri Point inatosha, na ukivuka kwenda kisiwa cha Saanane utawakuta. Kaa hatua kadhaa kutoka kwake, tulia, kivuli chako kisimwangukie maana akiona kivuli anaingia ufani. Usimwangalie dume peke yake, tafuta pembeni yake wale wa kahawia, mwanzoni huwaoni kabisa kwa jinsi walivyofanana na jiwe, mpaka mmoja atikise kichwa.