Ajali za barabarani: kwa nini zinaitwa tatizo la afya ya umma

Kijana akifa kwa bodaboda hapa Malindi, msibani utasikia "ajali haina kinga". Ni neno la kuwaliwaza wafiwa, na silikatazi. Ila nje ya msiba limetugharimu roho nyingi, kwa sababu ajali kinga inazo.

Jambo huwa tatizo la afya ya umma linapodhuru watu wengi kwa namna inayoweza kutabirika, na likazuilika kwa hatua za jamii nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 barabara ziliua watu milioni 1.19. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ilhali magari yaliyoko huko ni kama asilimia 60 tu ya yote duniani.

Zaidi ya nusu ya wanaokufa wanatembea kwa miguu, au wako juu ya baiskeli na pikipiki. Simama Gede, pale njia ya Watamu inapoachana na barabara kuu ya Mombasa: matatu zinapita mbio, tuktuk zinageuza, watoto wa shule wanavuka, wote kwenye lami hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1960, daktari Mmarekani William Haddon alifundisha kuwa kinachojeruhi ni nguvu ya mwendo inayoingia mwilini. Nguvu hiyo ni kama vimelea vya malaria, na gari ndilo mbu. Ndiyo maana kasi ina uzito kuliko yote: wastani wake ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Kanuni za mwaka 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, ziligusa shina hilo, zilipolazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda.

Helmeti nayo, ikivaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Lakini tazama stendi yoyote ya boda: moja imening'inizwa kwenye usukani, nyingine iko kichwani na mkanda wa kidevu unapepea. Isiyofungwa huweza kutoka kabla kichwa hakijafika chini. Na abiria, aghalabu, hana kabisa.

Kisha kuna saa inayofuata ajali. Aliyeumia Mokowe, akihitaji Hospitali ya King Fahd, lazima avushwe maji mpaka kisiwani Lamu. Njia nzima hiyo, uhai wake unategemea aliyemfikia kwanza: kama alikandamiza jeraha linalovuja damu, na kama alimwinua bila kumkunja shingo. Mara nyingi mtu huyo ni mwendesha boda mwenzake, kwa hiyo kumfunza huduma ya kwanza ni kazi ya afya ya umma sawa na kugawa vyandarua.