Dume Anapanda Vizuri, Mbona Ng'ombe Hawashiki Mimba?

Maswali haya naulizwa na wafugaji kuanzia Usa River hadi Machame, na karibu kila mara naitwa wakati miezi imeshapotea.

Ng'ombe wangu amepandishwa mara tatu, bado anarudi kwenye joto. Ni tasa?
Dume umempima? Nikiuliza hivyo, watu hunyamaza. Ng'ombe mzuri wa maziwa anapelekwa mnadani, na dume anaendelea kuzungushwa boma hadi boma.

Lakini dume wetu ana nguvu, anapanda bila kusita.
Kupanda si kuzalisha. Hamu ni jambo moja, ubora wa mbegu, hasa DNA yake, ni jingine. Dume anaweza kupanda ng'ombe wa kitongoji kizima asimpe mimba hata mmoja.

DNA ya mbegu ni nini?
Ni vinasaba vilivyofungashwa kwenye kichwa cha mbegu. Vikikatika, mbegu bado inaweza kuogelea na hata kurutubisha yai, ila kiinitete, yaani mimba changa, hufa mapema. Ndiyo maana ng'ombe mwingine hupitiliza siku zake 21 za kurudi kwenye joto, unafurahi ameshika, kisha anarudi.

Nini huharibu vinasaba hivyo?
Kikubwa ni joto kali la mwili. Korodani hutakiwa ziwe na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 chini ya mwili. Dume akiugua ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, homa yake hufika nyuzi 40 na zaidi, na mbegu zinazotengenezwa wakati huo huungua. Kwa hiyo ogesha, dhibiti kupe.

Homa imeisha, anakula vizuri. Nimrudishe kazini?
Hapana. Mbegu ya ng'ombe huchukua siku 61 hivi kutengenezwa, kisha wiki moja na zaidi kukomaa. Zilizoharibika wakati wa homa zitaendelea kutoka wiki nyingi baadaye. Wiki ya pili? Hapana. Mwezi wa kwanza? Hapana, tafadhali. Mpumzishe miezi miwili hadi mitatu, kisha apimwe ndipo apande.

Kule Kikatiti nilimshika dume aliyepona ndigana wiki tatu nyuma. Korodani ya kushoto ilikuwa imevimba, ngumu, na ya moto kiganjani. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amepandishwa. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa wa ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, ambao humpata hata binadamu kupitia maziwa mabichi. Ukiuona, dume huyo asipande tena hata mara moja. Mpigie daktari wa mifugo simu siku hiyohiyo, usisubiri siku ya mnada.

Je, nikihimilisha, yaani ng'ombe atiwe mbegu kwa mrija badala ya kupandwa na dume?
Ni vizuri sana. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, na madume wake hupimwa. Lakini mbegu za madume hao hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mrija wenye mbegu huyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto. Mhimilishaji akiuyeyusha mfukoni au kwapani, mkatalie palepale, hata kama umeshamlipa.