Dawa ya Magugu Haikaushi Ngano: Ufafanuzi kwa Wakulima wa Nakuru

Ngano inapoanza kugeuka rangi kutoka Njoro hadi Mau Narok, simu za ofisini kwetu huuliza jambo lilelile: nipulize lini glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu, ili ngano ikauke na kombaini ipite mapema? Siku hizi swali hilo linafuatana na malalamiko ya majirani ambao minji na viazi vyao vimeungua kwa dawa iliyopeperushwa na upepo kutoka shamba la ngano. Tunaelewa shinikizo lililopo. Kombaini ni ya kukodi, foleni ni ndefu, na mvua ya Oktoba na Novemba haimsubiri mtu. Hata hivyo, mengi yanayosemwa kwenye maduka ya pembejeo kuhusu jambo hili si sahihi.

Glaifoseti si kikausho. Huingia kupitia majani mabichi, husafiri ndani ya mmea hadi mizizini na kuzuia kimeng'enya ambacho mmea hukihitaji ili uishi. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili. Punje yenyewe hukaushwa na jua na upepo, kama ilivyokuwa siku zote. Mawingu yakikaa utakuwa na mabua yaliyokufa na punje zilizolowa, na zitachipua kwenye masuke vilevile. Mtindo huu ulianzia Scotland miaka ya 1980, kwenye mashamba yaliyokuwa yamevamiwa na nyasi sugu wakati wa mavuno yenye mvua nyingi, na hadi leo faida yake ya kweli ni hiyo: kuua magugu mabichi yanayoziba kombaini. Anayepuliza shamba safi ambalo ngano yake imeshakuwa manjano kabisa anapuliza pesa, kwa sababu jani lililokufa halinyonyi dawa.

Hatari kubwa zaidi iko kwa anayewahi. Punje ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 30, mmea bado unaijaza chakula, na dawa hufuata njia hiyohiyo hadi ndani ya punje. Ndiyo maana nchi zinazoruhusu matumizi haya, kama Kanada, hutaka unyevu uwe umeshuka chini ya asilimia 30, kisha mkulima asubiri angalau siku 7 kabla ya kuvuna. Bonyeza punje kwa ukucha: alama isipobaki, au maji yakitoka, bado. Na usipime masuke ya kando ya barabara peke yake. Shamba la Mau Narok lenye mteremko huwa na bonde ambalo bado ni kijani wakati juu kumekauka, na ni lile bonde litakaloharibu gunia zote. Kupuliza mapema pia hukata ujazaji wa punje, kwa hiyo unauza mzigo mwepesi.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba jiko litamaliza dawa. Halimalizi. Glaifoseti haivunjwi na joto la kuoka wala la kuchemsha, na mabaki yake hukaa zaidi kwenye pumba kuliko kwenye unga mweupe. Anayelisha ng'ombe pumba na marobota ya mabua ya ngano hiyo naye afikirie.

Kwa mbegu ya kuhifadhi, na kwa shayiri inayokusudiwa kutengeneza kimea, msipulize kabisa. Dawa hudhoofisha uotaji, na shayiri isiyoota haina kazi kwa mtengenezaji wa kimea.

Kuhusu saratani, tusitiane hofu na tusipuuzane. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Wadhibiti wa Ulaya hawakukubaliana na hilo, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali cha glaifoseti kwa miaka 10. Lakini kibali hichohicho kimekataza kuitumia kukausha mazao kabla ya kuvuna. Wanaotuambia kwamba "hata Wazungu wanapuliza" wasome mpaka mwisho.

Sasa sheria. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, ya mwaka 1982, inaipa PCPB, bodi ya kudhibiti bidhaa hizo, jukumu la kusajili dawa zote za shambani, zikiwemo za magugu. Usajili ni wa bidhaa pamoja na matumizi yake. Dawa iliyosajiliwa kuua magugu kabla ya kupanda haijaruhusiwa kupulizwa juu ya ngano iliyokomaa kwa sababu tu kilichomo ni kilekile. Kama lebo haitaji zao lako, hatua ya ukuaji wake na siku za kusubiri, huna ruhusa, na ushauri wa mwenye duka haugeuzi hilo. Mwenye duka naye anahitaji leseni ya PCPB kwa jengo lake. Kibali cha biashara cha kaunti ni karatasi nyingine na hakichukui nafasi yake. Kupima dawa kutoka kwenye mtungi na kuitia kwenye chupa ya soda ni kosa, hata mteja akiomba. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia, kufungua, kuchukua sampuli na kuzuia mzigo. Atakayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini, kufungwa, au yote mawili. Auzaye chakula chenye sumu anakabiliwa pia na Sura ya 254, Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali.

Mwenye mahindi ana njia rahisi zaidi: kata, simamisha mabua, kisha anika kwenye turubai au peleka kwenye mashine za kukausha za NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, hadi unyevu ufike asilimia 13.5. Kupuliza shamba hakuzuii afletoksini, sumu inayotokana na ukungu. Ukungu hustawi kwa unyevu na joto.

Ukija na malalamiko ya dawa iliyopeperuka, fika mapema kabla mimea haijaoza. Andika tarehe, saa na upande upepo ulikotoka, piga picha za mpaka wa shamba, na usiing'oe mimea iliyoungua kabla afisa hajaiona. Ukiweza kuipata lebo ya dawa iliyotumika, au hata picha ya namba yake ya usajili, ilete. Malalamiko yanayosema tu "jirani alipuliza kitu" huchukua muda mrefu sana.