Je, wajua kwa nini hakuna treni moja ya kutoka Singapore hadi Beijing?

Kwenye ramani, reli ya kutoka Singapore kwenda Beijing kupitia Malaysia, Thailand na Laos huonekana kama mstari mmoja. Hata hivyo, hakuna treni inayoimaliza njia hiyo yote, na mwenye kuipanga safari hii asiyejua sababu zake hujikuta amekata tiketi zisizoshikana.

Sababu ya kwanza ni upana wa njia. Reli za Malaysia na Thailand zina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, ilhali za China, pamoja na ile iliyofunguliwa nchini Laos mwezi Desemba 2021, zina milimita 1,435, na behewa la kawaida lililoundwa kwa njia moja haliwezi kupita katika nyingine. Watanzania wanalifahamu jambo hili, kwani ndilo lililofanya kijengwe kituo cha kuhamishia shehena pale Kidatu, ambako reli ya TAZARA yenye milimita 1,067 inakutana na reli ya mita moja.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba Thailand, wakati ikiitwa Siam, ilianza na upana huohuo wa milimita 1,435: reli ya kutoka Bangkok hadi Nakhon Ratchasima, iliyokamilika mwaka 1900, ilijengwa hivyo. Lakini reli ya kusini ilijengwa kwa mita moja ili iungane na ile ya Waingereza huko Malaya, na nchi ikabaki na mitandao miwili isiyoingiliana, hata njia zile pana zikapunguzwa upana katika miaka ya 1920. Leo Thailand inajenga upya reli ya milimita 1,435 kuelekea Nong Khai, mpakani mwa Laos, kwa gharama ambayo bila shaka ingewasikitisha wahandisi wa zamani.

Sababu ya pili ni mipaka yenyewe, na kila mpaka una utaratibu wake. Anayetoka Singapore hukaguliwa na maofisa wa Singapore na wa Malaysia palepale Woodlands, kisha hupanda treni fupi ya dakika chache tu hadi Johor Bahru nchini Malaysia. Kule Padang Besar, mpakani mwa Thailand, kituo kimoja kilicho upande wa Malaysia kina ofisi za uhamiaji za Malaysia na Thailand, jambo linalorahisisha mno. Mpaka wa Laos na China haufanani na hiyo: abiria hushuka na mizigo yake yote Boten, upande wa Laos, hurudi ndani ya treni, kisha hushuka tena Mohan, upande wa China.

Mahali pa kuwekea akiba ya muda ni Vientiane, mji mkuu wa Laos. Tangu Julai 2024 kuna treni ya usiku inayotoka Bangkok na kufika huko moja kwa moja, lakini inaishia katika kituo cha Khamsavath, ambacho si kile cha reli iendayo China, hivyo abiria hana budi kutafuta basi au teksi. Kwa maoni yangu, kulala usiku mmoja mjini ni busara kuliko kukimbizana na saa, hasa kwa kuwa saa zenyewe hubadilika njiani: Thailand na Laos ziko nyuma kwa saa moja ikilinganishwa na Singapore, Malaysia na China.

Kwa hiyo, mpango mzuri huanzia kwenye treni ya kuvuka mpaka kati ya Vientiane na mji wa Kunming nchini China, ambazo ni chache na tiketi zake hufungamanishwa na pasipoti ya abiria. Safari za huku nyuma, ambako kuna treni na mabasi mengi, ndizo zipangwe kuifuata. Viza zote zipatikane kabla ya kuondoka. Msafiri atokaye Tanzania, Kenya au Uganda abebe pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Thailand hukidai, na ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa.