Initramfs si ugonjwa

"Laptopu yangu imeshikwa na initramfs." Hapa Lamu nimeisikia mara nyingi mno, na majibu ya mafundi ni yale yale: diski imekwisha, tupige fomati. Haraka ya nini? Diski iliyosimbwa (data yake imefungwa kwa neno la siri) kwa LUKS, njia ya usimbaji ya Linux, huweka funguo zake kwenye kichwa chake, yaani sehemu yake ya mwanzo. Fomati ikifuta kichwa hicho, nawe huna nakala yake, neno la siri halifungui kitu tena.

Initramfs ni mfumo mdogo wa mafaili ambao kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, huufungulia kwenye memori kompyuta inapowaka, ili mfumo huo mdogo uitafute diski yenyewe na kuikabidhi kazi. Basi. Programu ya kufungua diski, cryptsetup, haiwezi kufungiwa ndani ya diski hiyo hiyo, ndiyo maana hubebwa na initramfs, ambayo Debian na Ubuntu, matoleo ya Linux, kwa kawaida huiweka kwenye /boot, kipande cha diski kisichosimbwa. Ni hori la kukufikisha kwenye jahazi lililotia nanga nje. Ukishapanda, hori huna haja nalo. (Faili lake bado linaitwa initrd.img, jina la mtindo wa kale uliopitwa tangu kerneli 2.6 ya mwaka 2003. Wamelibakiza tu, wakatuchanganya.)

Sasa, ule mstari kwenye skrini nyeusi wenye neno initramfs kwenye mabano una maana moja tu: safari imeishia njiani. Sababu ndizo zinazotofautiana. Ukiambiwa kifaa cha /dev/mapper (mahali diski iliyofunguliwa hutokea) hakipo, diski haijafunguliwa. Pengine UUID (namba ya utambulisho wa diski) iliyoandikwa kwenye crypttab, faili la orodha ya diski za kufunguliwa, si ya diski hii, au cryptsetup haikuingizwa initramfs ilipotengenezwa upya. Lakini ukiambiwa uendeshe fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, kwa mkono, diski imeshafunguka na usimbaji hauna kosa. Mafaili yamevurugika, labda umeme ulikatika ghafla, jambo tusilolionea ajabu hapa. Mambo haya mawili hayana dawa moja, na fomati si dawa ya lolote kati yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaivusha Mokowe kuipeleka kwa fundi wa Mombasa, usiseme imeshikwa na initramfs. Sema imekwama ndani ya initramfs, kisha nisomee mistari iliyo juu yake.