Mpime mtoto siku asiyo na homa

Homa ya mtoto ikirudi kila baada ya wiki chache, hapa Nairobi mshukiwa wa kwanza ni malaria, wa pili taifodi. Wazazi huniletea bahasha ya kaki iliyojaa majibu ya maabara: kipimo cha taifodi cha Widal chanya, Widal chanya tena (kipimo hicho mimi sikiamini), CRP (protini ya damu inayopanda kinga ya mwili ikiwaka) juu, antibiotiki juu ya antibiotiki. Homa huisha yenyewe, sifa zikaenda kwa dawa.

Kwa watoto wachache hakuna kimelea chochote. Wamerithi hitilafu ya jeni inayofanya kinga ya mwili ilipuke bila kuchokozwa. Ugonjwa unaojulikana zaidi katika kundi hili ni homa ya kifamilia ya Mediterania; jeni yake, MEFV, ilitambuliwa mwaka 1997.

CRP hutengenezwa na ini kwa amri ya intaleukini-6, kijumbe cha kinga, na ini halibagui: malaria, nimonia au ugonjwa wa kurithi, vyote huipandisha. Ndiyo maana CRP ya siku ya homa pekee hainiambii mengi. Ninayoitaka ni ya siku mtoto anacheza uani, homa ikiwa imepoa kwa wiki mbili hivi. Mama huniuliza kwa nini nimtoboe mtoto mzima. Kwa sababu CRP ikishuka kabisa, kisha ikapanda na homa nyingine isiyo na kimelea, hapo nina cha kufuata. Isiposhuka, wasiwasi wangu huzidi: huenda mchochota (kinga kuwaka) unaendelea kimyakimya, na protini iitwayo SAA, ambayo huweza kupanda hata mara elfu, ikikaa juu kwa miaka vipande vyake hujikusanya kwenye figo. Kupima protini kwenye mkojo, dalili ya figo kuumia, ni rahisi, siachi kamwe.

ESR, kasi ya seli nyekundu kutua chini ya mrija, naisoma kwa tahadhari. Upungufu wa damu huipandisha, selimundu huishusha.

Kuna ugonjwa mmoja ambao damu karibu inautaja kwa jina: upungufu wa kimeng'enya cha ADA2, ulioelezwa mwaka 2014, unaoweza kumletea mtoto mdogo kiharusi. Kimeng'enya chenyewe hupimwa, na kwa mgonjwa huwa kidogo mno.

Kwa mengi ya mengine, jeni ndizo huamua. Lakini usilipie kipimo cha jeni kabla ya kuwa na majibu ya siku za homa na za afya. Hifadhidata za jeni zimejaa damu ya Wazungu, hivyo mtoto wetu hupata kwa urahisi jibu la "badiliko lisilojulikana maana". Kama CRP yake haijawahi kupanda akiwa na homa, badiliko hilo mimi siliendei mbali.